Choo Kimesema

Jana choo cha Bi Sikudhani kilisoma protini kwenye mkojo wake, kikawatumia ndugu wote matokeo, kama vyoo vyote vinavyotakiwa kufanya: saratani ya kibofu imerudi, matumaini ni madogo. Leo asubuhi shemeji yake Mbaruku alikuwa ameshatandika mikeka ya matanga uani.

"Nani amekufa?" Sikudhani akauliza.

Mbaruku akainamisha kichwa. "Choo kimesema, shemeji. Siku hizi watu wanawahi."

"Choo kimesema! Na mimi nimesema nini?"

Sikudhani akakaa mkekani, akala ubwabwa wao wa msiba, akadai na ukoko. Kisha akachota maji kwenye kopo, akakipita choo mbele ya macho yao wote, akaenda kuchuchumaa nyuma ya migomba.

Haukupita muda, simu zote pale uani zikalia kwa pamoja: mgonjwa hajasomwa tangu jana. Dada yake Sikudhani, aliyemwona akipita na kopo, akaangua kilio, wengine wakampokea.

"Nyamazeni huko!" sauti ikatoka migombani. "Nakojoa!"

Mbaruku akaitazama tena simu yake, kuhakikisha.