Jivu la Jiko la Zena

Kila asubuhi ya baridi kali, Kheri alitoka na jivu la jiko kwenda kulimwaga kwenye ubao wa kuvukia ukingoni, mtu asije akateleza kwa barafu. Leo Zena, mkewe, alichungulia dirishani mwa tishari lao, boti bapa walimoishi mtoni. Ubao wao uling'aa kama kioo. Wa Raya, mjane wa tishari la jirani, ulikuwa wa kijivu mwanzo hadi mwisho.

"Kheri!"

"Nakuja, mke wangu! Namkazia Raya bomba la moshi tu."

Tu! Kuni alizipasua Zena, jivu alilizoa Zena.

Akachota maji, akayamimina taratibu juu ya ubao wao, kisha akayatazama yakiganda.

"Fanya haraka, mume wangu," akaita kwa sauti laini. "Chai inapoa."