Kucha za Mbwa wa Marehemu

Kosgei alikata kucha ya tatu hadi kwenye nyama, na damu ikaruka sakafuni. Mbwa wa marehemu mume wangu alipiga yowe, akamkojolea shemeji yangu huyo kwenye sweta.

“Mjinga huyu! Shemeji, mshike mdomo. Akiniuma, leo nampasua kichwa.”

Nilikaza mikono. Akavua sweta, akaitupa kando. Tangu tumzike ndugu yake, miezi miwili sasa, sikuwa nimeona mikono yake wazi, hata jua likiwaka.

Chini ya kiwiko palikuwa na makovu manne marefu, yamefuatana.

“Uliumizwa na nini?”

“Seng’enge. Shika!”

Akavuta mguu mwingine wa mbele wa mbwa, akaulaza juu ya mkono huo. Kucha nne zilikaa juu ya makovu manne, kila moja na lake.

Tulipompata mume wangu kwenye shamba la viazi, amekatwakatwa kwa panga, mbwa huyu alikuwa amemlalia, miguu ya mbele imelowa damu.

Kosgei aliinama na mkasi wa kwato za kondoo. Shingo yake ilikuwa karibu kabisa. Meno ya mbwa yaligongana chini ya vidole vyangu.

Nikaachilia mdomo.