Mkanda Uliokatika Mlimani

Jumanne ile mkanda wa injini ulikatika mlimani, usukani ukawa mzito ghafla, na Kalisti hakurudi. Gari lake la supachaja, ile pampu ya kuiongezea injini nguvu, lilivutwa hadi uani.

Arobaini ilipopita, mdogo wake Venansi alikuja kufunga mkanda mpya. Leokadia, mjane, alikuwa akimpa spana alipouona ule wa zamani umenasa chini ya injini. Akauvuta. Nusu ya upana wake ilikatwa sawasawa, kama kwa wembe. Nusu nyingine ndiyo iliyochanika.

“Nani aliugusa mwisho?”

“Mimi, Jumatatu ile. Usiutazame sana, shemeji, utachafuka.” Akaendelea kukaza. “Jioni mke wangu atakuletea chakula.”

Chakula huletwa kila jioni. Leokadia hushukuru, hufunga mlango, kisha hukimwaga chooni.