Gari Lisilo na Uzito

Kila asubuhi Mwanakombo alifuta vumbi kwenye mashine ya mchezo wa mbio za magari katika ukumbi wa michezo ya video wa shangazi yake. Siku hiyo kabla hajamaliza, baba yake, aliyemletea ufunguo aliousahau, akajitupa kwenye kiti na kushika usukani.

"Washa, nijaribu."

Baba alikuwa dereva wa lori, na mara tatu alikuwa amekataa kumfundisha bintiye kuendesha.

Mwanakombo akawasha. Kwenye kona ya kwanza baba alikanyaga breki yote. Magari mengine yakampita.

"Baba, umebeba mayai?"

"Gari lenyewe halina uzito!"

"Ndiyo raha yake. Achia mafuta kidogo, kata usukani, kisha kanyaga mafuta tena kabla halijanyooka."

Akafanya hivyo. Gari likateleza kiubavu, matairi yakapiga mluzi, likaambaa ukuta bila kuugusa na kutoka kwenye kona kwa kasi zaidi kuliko lilivyoingia. Baba akapiga kelele za furaha mpaka kofia ikamdondoka. Mwanakombo alicheka hadi akaketi sakafuni.

Mbio zikaisha. Baba hakuachia usukani.

"Mwanangu, unaweza kuendesha. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Kesho njoo tuwashe lori."