Elieza, Niazime Mkeo

Miaka ile ya ruksa serikali iliruhusu kila kitu, hata mitumba. Aliyebaki kukataa ni mume wangu Elieza: nisiende Sweden kurekodi wimbo niliotunga na mgeni wetu Mswidi, eti nani atampikia.

Siku ya kumuaga mgeni, pale kijijini kwetu Nzuguni, nikabana ngoma yangu kwa magoti. Mgeni akapiga gitaa, akamkazia Elieza macho, akaimba ubeti niliomfundisha kwa siri:

"Elieza, niazime mkeo, nitamrudisha amenona!"

Wanawake wakaitikia kwa ngoma na vigelegele. Elieza alinuna, lakini mabega yake yalishaanza kucheza yenyewe.

"Ninyi wanawake wachawi," akasema, akivua koti lake la kanisani na kunitupia mabegani. "Haya, huko kwao kuna baridi?"