Kura ya Mama Felisiani

Kufikia saa tisa alasiri, mtu pekee aliyekuwa bado anamtetea Kocha Josephati ni mzee Ngoyai, na yeye walimzomea mpaka akaketi.

Wanachama wa Nyota Nyekundu walijazana ndani ya godauni la zamani la ushirika pale Karatu, wengine wamekalia magunia ya ngano, wengine wamesimama mlangoni na vumbi jekundu miguuni. Ilikuwa Julai, miezi michache baada ya vita vya Uganda. Siku ya Saba Saba timu yao ilifungwa nne bila na Mbulu, nyumbani, na hiyo ilikuwa mechi ya saba kupoteza mfululizo. Tangu siku hiyo, bati la nyumba ya kocha lilikuwa likipigwa mawe kila jioni.

"Asipewe hata wiki moja," alisema Valeriani, dereva wa lori. "Tena aondoke mchana kweupe, godoro kichwani, kila mtu amwone."

Makofi yalijaa godauni.

Kocha alikuwa ameketi mbele, kofia magotini. Mwenyekiti, Martini, alikunjua karatasi akasoma mkataba. Kocha alikuwa ametia sahihi mpaka Desemba ya mwaka kesho. Peke yake hakuweza kuuvunja. Ni mkutano wa wanachama tu ulioweza kumwachia.

"Nani mwingine anataka kusema kabla ya kura?"

Vichwa vikageuka upande wa akina mama, kwa Bernadina.

Yeye ndiye aliyefua jezi za timu na kuongoza wanawake wa kushangilia, na alikopigia kura, wenzake zaidi ya ishirini walimfuata. Moyo wake ulijulikana na kila mtu. Miaka mitatu nyuma, timu moja ya kiwandani kutoka Arusha ilikuja kumtaka mwanawe Felisiani, mshambuliaji ambaye Karatu haikuwahi kuwa na mfano wake. Mchezaji hakuruhusiwa kuhama bila barua ya kocha. Josephati alikataa kuiandika. Alisema kijana bado mbichi, anahitaji muda. Bernadina alimpigia magoti mlangoni kwake. Kocha akamwambia arudi nyumbani. Watu wa Arusha wakaondoka. Masika yaliyofuata Felisiani alivunjika mguu katika mechi ndogo isiyo na maana yoyote, ukaunga vibaya, na tangu hapo anatembelea fimbo, hana miaka ishirini na mitatu.

Bernadina alisimama taratibu. Kocha aliinua macho kumtazama, kisha akayashusha.

"Ndugu mwenyekiti, miaka mitatu sijamsalimu mtu huyu. Nikimwona njiani navuka barabara. Mnajua."

"Tunajua," waliitika.

"Basi nisikilizeni mimi, maana sina sababu ya kumpendelea. Vijana wetu watano walikwenda vitani. Wawili hawajarudi mpaka leo. Nafasi zao wamecheza nani? Watoto waliomaliza darasa la saba juzi. Mlitaka awafanyeje? Hata mpira wenyewe una viraka vinne, na viraka hivyo nimeshona mimi."

Watu wachache walicheka. Valeriani hakucheka.

"Mkimfukuza leo, atakuwa ameponyoka. Ameharibu, na ataondoka bila kutengeneza. Mimi nasema akae. Akae mpaka siku ya mwisho ya mkataba wake, ashinde au ashindwe, mbele ya macho yetu."

"Mama Felisiani," alisema Valeriani, "wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Ni mimi."

Mzee Ngoyai alifuta macho kwa pembe ya shuka lake. Martini akakohoa, akasema kwamba kama mama huyu ameweza kusamehe, yeye haoni nani mwingine ana haki ya kukasirika.

Mikono ilipohesabiwa, arobaini na wanane walitaka kocha aende. Sitini na mmoja walitaka abaki.

Kocha Josephati alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakamtikisika. Mtu wa nyuma yake akampigapiga mgongoni. Waliokuwa wakimtupia mawe juzi sasa walisukumana kumshika mkono.

Bernadina hakungoja. Alitoka nje, akajifunga kitenge vizuri, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka Ngorongoro na baridi ilikuwa imeingia. Alitembea kuelekea nyuma ya godauni, kwenye njia ya mkato ya kwenda kwake. Kifua chake kilikuwa chepesi. Miaka mitatu hakikuwa hivyo.

Alisikia hatua za mtu anayekimbia. Alipogeuka, kocha alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama," alisema, akihema, "juzi ulinipa mkono. Nilikuja kwako wewe kwa sababu nilijua hutaki kuniona tena hapa Karatu, ukaniambia utawashawishi wanikatae. Timu ya Arusha inanisubiri mpaka kesho asubuhi. Mke wangu ametangulia na watoto."

Bernadina alimnyooshea kidole mlango wa godauni.

"Rudi ndani, Kocha," alisema kwa upole. "Wanachama wako wanataka kukupongeza."