Mahubiri ya Kila Sikio

Nakutegea, nawe utegue: mhubiri mmoja, mahubiri mia mbili, wala hakuna aliyekemewa. Umeshindwa? Basi sikiliza.

Siku hizi kila muumini huvishwa kidude sikioni mlangoni mwa kanisa, nacho humhubiria yale tu yanayomtuliza moyo. Jumapili ile Bibi Nsiande alikivua, amsikie mchungaji kwa masikio yake mwenyewe. Lo! Mchungaji alikuwa akichezesha midomo bila sauti, na waumini wote wakitabasamu.

Elinami, mwana wa Bibi Nsiande, alitabasamu kuliko wote. Mwezi mzima ulikuwa umepita tangu amfukuze mkewe na kichanga mgongoni, akaapa kwamba atamrudisha siku kanisa litakapomwambia.

Waliporudi nyumbani, mama akampakulia ndizi, akamuuliza, "Mwanangu, leo kanisa limekuambia nini juu ya mkeo?"

"Mama nawe! Chakula kinapoa."

"Kipoe. Mimi si kile kidude, mimi ni mama yako."

Elinami akatafuna, kisha akaisukuma sahani.

"Limeniambia nimesamehewa, mama. Nami hata sikuwa nimeomba."